Kompyuta haifungwi, lakini chesi haijaimaliza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua turekebishe kauli moja iliyozoeleka mno, kwamba kompyuta "imeshaimaliza" chesi. Kuanzia Kariakoo hadi Mwenge, kila kijiwe chenye ubao wa drafti na vizibo vya soda, utaisikia ikisemwa kwa uhakika: mashine haifungwi, kwa hiyo imefika mwisho wa mchezo. Kwamba haifungwi na binadamu, hilo ni kweli. Mpe bingwa wa dunia michezo kumi na Stockfish ya leo, programu maarufu ya kucheza chesi, na hatategemea kushinda hata mmoja. Kwamba imefika mwisho wa mchezo, hapana, na watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, wakiwemo wanaoandika habari za teknolojia.

Kufika mwisho wa mchezo maana yake ni kutokosea kamwe, na kutokosea kwenye chesi si sifa ya kupamba sentensi, kuna maana yake kamili. Mwaka 1913 mwanahisabati Ernst Zermelo aliandika kwamba mchezo wa aina hii, ambao hauna bahati wala kete zilizofichwa, una majibu matatu tu yanayowezekana: ama mweupe ana njia ya kushinda vyovyote mweusi atakavyojibu, ama mweusi anayo njia hiyo, ama kila mmoja anaweza kujihakikishia sare. Hali ni hiyohiyo kwa kila mkao wa kete ubaoni, si ule wa kuanzia peke yake. Kila mkao una lebo moja: ushindi, kipigo au sare. Kosa ni hatua inayoishusha lebo yako. Ulikuwa na ushindi, umecheza hatua inayokuachia sare, umekosea. Ulikuwa na sare na bado unayo, hukukosea, hata kama watazamaji wameguna.

Sasa fungua injini yoyote, yaani programu ya chesi kama Stockfish, uangalie inachoandika pembeni ya ubao: +0.35, au -1.20. Lebo kama hiyo haipo. Zamani namba hizi zilisomwa kama hesabu ya askari, yaani +1.00 ni kama kumzidi mwenzako askari mmoja. Tangu toleo la 15.1 la Stockfish, lililotoka Desemba 2022, +1.00 ina maana kwamba injini hiyo ikicheza yenyewe kwa yenyewe kutoka hali kama hiyo, inatarajia kushinda nusu ya michezo. Ni takwimu ya uzoefu, sawa na kondakta anayekuambia saa moja asubuhi Ubungo hadi Posta utatumia muda gani. Mara nyingi atapatia. Ila amekadiria.

Ushahidi kwamba injini hukosea haupo mbali, uko kwenye matokeo yao wenyewe. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ya IBM, iliyopitia mikao kama milioni 200 kwa sekunde, ilimfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, pointi 3.5 kwa 2.5 jijini New York, na dunia ikasema basi. Desemba 2017 ikatangazwa kwamba AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, imecheza michezo 100 na Stockfish: imeshinda 28, imetoka sare 72, haikupoteza hata mmoja. Stockfish hiyo ndiyo iliyokuwa ikisifiwa kwamba haina dosari. Septemba 2020 likatoka toleo la 12 la Stockfish, lenye mtandao mdogo wa neva wa kupima mikao, na watengenezaji wake wakasema likipambanishwa na toleo la 11 linashinda jozi za michezo mara kumi zaidi ya zile linazopoteza.

Hilo neno jozi lina uzito kuliko linavyoonekana. Injini kubwa zikianza kwenye mkao wa kawaida hutoka sare karibu kila mara, kwa hiyo waandaaji wa mashindano huzipa mianzo iliyopinda, yenye upande mmoja uliolemewa, halafu kila injini inacheza upande mweupe mara moja na mweusi mara moja. Tazama sasa. Kama lebo ya mwanzo huo ni ushindi kwa mweupe, asiyekosea atashinda akiwa mweupe, na hata akipoteza akiwa mweusi anabaki na pointi 1 kati ya 2. Kama lebo ni sare, hawezi kupata pungufu ya nusu kila upande. Vyovyote iwavyo, asiyekosea hapotezi jozi. Injini iliyopoteza jozi moja tu, ilikosea mahali. Hatuhitaji kujua ni wapi.

Inakosea vipi, ilhali inaona mbali kuliko sisi? Kila mkao wa katikati ya mchezo una hatua halali zipatazo 30. Kutazama hatua kumi mbele (tano zako, tano za mpinzani) ni kama mikao trilioni 590. Kuna upogoaji wa matawi usio na madhara: ukishagundua kwamba hatua fulani ina jibu linaloivunja, huna haja ya kutafuta jibu la pili. Ukibahatika kuanza na hatua nzuri kila mara, upogoaji huo unashusha trilioni 590 hadi chini ya milioni 50, na hakuna ukweli unaopotea. Lakini injini za leo hazifiki hatua 30 au 40 kwa upogoaji huo mwaminifu peke yake. Zinaongeza wa kubahatisha.

Mfano mmoja ni kuruka zamu. Injini inajifanya kama imempa mpinzani zamu mbili mfululizo, na kama bado hali yake ni nzuri sana, inakata tawi zima bila kulichunguza. Kwa kawaida ni akili nzuri, kwani zamu ni mali. Sasa weka ubaoni kete nne tu (herufi a hadi h ni safu za wima, namba 1 hadi 8 ni mistari ya mlalo): mfalme mweupe f5 na askari wake e4, mfalme mweusi d4 na askari wake e5. Kila mfalme analinda askari wake na kumtishia wa mwenzake. Mwenye zamu lazima asogee, akisogea anaachia askari wake, na mchezo umekwisha. Anayejua drafti anaielewa hali hii bila kuelezwa: kuna wakati unatamani usicheze. Hapo ndipo zamu si mali tena bali mzigo, na injini inayojiuliza "nikiruka zamu itakuwaje?" inapata jibu la uongo. Waandishi wa programu wanajua, kwa hiyo huzima mbinu hii pale upande wenye zamu unapobaki na mfalme na askari tu. Hali ya namna hiyo ikitokea kukiwa na ngome na farasi ubaoni, jambo ambalo ni nadra lakini lipo, kinga hiyo haifanyi kazi.

Kumbukumbu nayo ina mtego wake. Injini ikishachunguza mkao huuandika kwenye jedwali la muda ili isirudie kazi, na mkao wenyewe unatambulishwa kwa namba ya biti 64. Namba za biti 64 ziko kama 1.8 zidisha 10 kwa kipeo cha 19, nyingi mno, ila mikao ya chesi ni mingi zaidi kwa mbali, kwa hiyo mikao tofauti lazima igongane kwenye namba moja. Stockfish hubana zaidi: kila kumbukumbu ni baiti 10, na ndani yake ni biti 16 tu za utambulisho zinazohifadhiwa. Mgongano hauzuiliki, unavumiliwa tu kwa kuwa hudhuru mara chache. Na kuna ubaya mwingine ambao biti hata elfu haziuondoi: namba hiyo inasema kete ziko wapi, haisemi zimefikaje hapo. Lakini sare ya kurudia mkao mara tatu, na ile ya hatua 50 za kila upande bila kula wala kusogeza askari, hutegemea njia iliyopitwa. Mkao uleule unaweza kuwa ushindi kwa njia moja na sare kwa njia nyingine, na injini inachukua jibu la kwanza na kulipachika kwenye la pili.

Mwenye laptop anaweza kujionea. Chukua mkao mgumu, ipe injini nyuzi nne za prosesa (kazi nne zinazoenda sambamba) kwa dakika moja, andika namba na hatua iliyopendekezwa. Funga, fungua upya, rudia vilevile. Aghalabu namba itakuwa tofauti, na mara nyingine hata hatua yenyewe, kwa sababu nyuzi nne zinaandika kwenye jedwali moja na mpangilio wao haufanani mara mbili. Ukitaka jibu lilelile, tumia uzi mmoja, safisha jedwali, na uweke kikomo cha idadi ya mikao badala ya muda. Ukiweka muda, joto letu la Januari linaingia kwenye hesabu: laptop ikichemka inapunguza kasi, na "dakika moja" ya saa nane mchana si dakika moja ya usiku. Chombo kinachobadilika jibu kwa sababu ya feni hakiwezi kuitwa mwamuzi wa mwisho.

Upo pia ujinga wa zamani ambao unaeleza mengi. Mweupe ana mfalme g5, askofu d3 na askari h5. Mweusi ana mfalme h8 peke yake. Kwa kuhesabu mali, mweupe anaongoza kwa askofu mzima na askari, na programu za awali zilikuwa zikijivunia zaidi ya +4. Ni sare. Askofu wa d3 anatembea kwenye miraba myeupe, mraba wa h8 ni mweusi, hivyo mfalme mweusi anakaa pembeni akipishana h8 na g8, hakuna wa kumfukuza. Kumsogeza askari mbele huishia kumnyima mfalme pa kwenda bila kumpa cheki, nayo ni sare. Injini za leo zinalijua hili, lakini zililijua baada ya kufundishwa. Mikao iliyofungika ya aina hii yenye kete nyingi zaidi, askari wamefungana katikati na hakuna mlango, bado huzifanya zitangaze +3 hatua baada ya hatua huku hakuna kinachosogea.

Kuna eneo moja ambalo kompyuta haikosei kabisa, nalo ni majedwali ya miisho, yaani orodha za mikao yote yenye kete chache, kila mmoja na lebo yake. Hapa hakuna kukadiria. Kazi inafanywa kinyumenyume, na tungependa wanafunzi wa kompyuta wa hapa Dar waijaribu kwa mikono yao, kwani ngome na mfalme dhidi ya mfalme ni kazi ya siku moja kwa anayejua lugha yoyote ya programu.

Unaanza kwa kuorodhesha mikao yote. Kete tatu kwenye miraba 64, zamu mbili, ni 64 mara 64 mara 64 mara 2, yaani 524,288. Ubao usio na askari unaweza kuugeuza na kuupindua kwa namna nane bila kubadilisha kitu, hivyo wafalme wawili wana namna 462 tu za kukaa bila kugusana, na ngome ina miraba 62 iliyobaki: 462 mara 62 ni 28,644 kwa kila zamu. Ondoa ile isiyo halali. Kisha tafuta mikao ambayo mweusi ameshakufa. Mmoja ni huu: mfalme mweusi a8, mfalme mweupe b6, ngome h8. Rudisha hatua ya mwisho ya mweupe: ngome ilitoka popote kati ya h1 na h7. Haikuweza kutoka g8, kwa sababu ingekuwa tayari inamtishia mfalme wakati zamu ni ya mweupe, na huo ni mkao haramu. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Mikao hiyo yote iandike "mweupe anashinda kwa hatua 1".

Sasa rudi nyuma kwa zamu ya mweusi, na hapa sheria inageuka. Mkao wa mweusi unauandika "kipigo" iwapo tu kila hatua aliyonayo inaingia kwenye mkao ulioandikwa ushindi kwa mweupe. Mfalme mweusi b8, mweupe b6, ngome c1, zamu ya mweusi: ana hatua moja tu, a8, na ngome ikienda c8 amekwisha. Andika kipigo. Ngome ingekuwa h1, mweusi angeweza kwenda c8, na ngome ikimpa cheki h8 anatorokea d7. Usiandike bado. Unazunguka hivyo, mweupe, mweusi, mweupe, hadi mzunguko mmoja upite bila mkao mpya. Ambao haukupata lebo ni sare. Kwa ngome na mfalme, mkao mgumu kuliko yote unahitaji hatua 16 za mweupe. Programu yako ikikuletea 17 au 15, ina kosa, na kwa kawaida umesahau kwamba mfalme mweusi anaweza kuila ngome isiyolindwa.

Mbinu hiihii ndiyo iliyojenga majedwali yote. Malkia dhidi ya ngome ni hatua zisizozidi 31 hadi kuila ngome au kumaliza mchezo, lakini mlinzi asiyekosea anatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara sita, aliweka dau kwamba angeishinda ngome iliyokuwa ikilindwa na jedwali la mwanasayansi wa kompyuta Ken Thompson. Mara ya kwanza hatua 50 zilimwishia mkononi. Akaenda kujifunza, akarudi, akaila ngome kwenye hatua ya 50 hasa. Maaskofu wawili dhidi ya farasi, ambao vitabu vya zaidi ya miaka mia viliuita sare, jedwali lilionyesha ni ushindi unaoweza kufika hatua 66. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikalazimika kulegeza kanuni ya hatua 50 kwa miisho kadhaa, kisha ikaona balaa lake na kurudi kwenye 50 kwa yote.

Mwaka 2012, kwenye kompyuta kuu iitwayo Lomonosov ya Chuo Kikuu cha Moscow, majedwali ya kete saba, wafalme wakiwemo, yalikamilika kwa ukubwa wa terabaiti 140. Humo kuna mkao wa malkia na askari dhidi ya ngome, askofu na farasi unaohitaji hatua 549 kufikia mwisho. Ukiucheza ubaoni, kwa mamia ya hatua huoni kinachoendelea. Kete zinazunguka tu. Hakuna anayeweza kuueleza kwa maneno, na sisi tunaona huo ndio utambulisho wa kutokosea halisi: haujali kama unaeleweka.

Majedwali ya Syzygy yaliyobuniwa na Ronald de Man, yanayotumika zaidi leo, yamebana ukubwa huo. Hadi kete tano ni karibu gigabaiti 1, yanaingia kwenye flashi au simu. Kete sita ni kama gigabaiti 150. Kete saba, yaliyokamilika 2018, ni kama terabaiti 18. Anayetaka kuyafunga kwenye kompyuta yake tunamshauri aishie sita, na faili zinazosema ushindi, sare au kipigo aziweke kwenye SSD, si diski ya kuzunguka, kwa kuwa injini huzisoma vipande vidogovidogo maelfu ya mara na diski ya kuzunguka itaifanya ipooze badala ya kuisaidia. Zile za pili, za kuhesabu hatua, zinaweza kukaa kwenye diski ya bei nafuu. Kwa intaneti yetu inayokatika na umeme unaokatika nao, hakikisha namba ya uhakiki ya kila faili baada ya kupakua: faili lililokatika njiani linaweza kuizima injini katikati ya mchezo, au kuipa jibu la uongo, jambo baya zaidi. Kete saba yaachie tovuti ya Lichess, unaulizia bure. Na ujue kwamba majedwali haya hayahesabu haki ya mfalme kuhamia ngomeni (castling).

Angalia hatua hizo za ukubwa: gigabaiti 1, 150, 18,000. Kila kete moja inazidisha mara mia na zaidi. Tumejua saba. Mchezo unaanza na 32.

Idadi ya mikao halali ya chesi, kwa makadirio ya mwanasayansi wa kompyuta John Tromp, ni kama 4.8 zidisha 10 kwa kipeo cha 44. Tufanye tunaweza kubana mikao 154 ndani ya baiti moja (namba hiyo hatukuitunga, tutaieleza). Tuhifadhi kwenye diski za terabaiti 20, kila moja ikiwa na uzito wa karibu gramu 700. Uzito wa diski hizo utafika kama Dunia 18,000. Mwenye kusema "teknolojia inakua" ajibu kwanza hapo atazipata wapi malighafi. Kwa njia ya kuandika kila mkao, chesi haitamalizwa, na hatuoni haja ya kupunguza ukali wa kauli hiyo.

Lakini si lazima kuandika kila mkao, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema haiwezekani kamwe. Ili kuthibitisha jibu la mkao wa kuanzia unahitaji njia moja nzuri kwa kila upande pamoja na majibu yote ya mpinzani, basi. Drafti la Kiingereza lilimalizwa hivyo. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walianza 1989 na kutangaza 2007: pande zote zisipokosea, ni sare. Mchezo huo una mikao 5 zidisha 10 kwa kipeo cha 20. Walijenga jedwali la kete kumi na chini, mikao trilioni 39, likabanwa hadi gigabaiti 237 (ndiyo ile 154 kwa baiti), halafu kutoka mwanzo wa mchezo wakatafuta mpaka kugusa jedwali. Kazi ya kutafuta ilikuwa kama hesabu 10 kwa kipeo cha 14, sehemu ndogo sana ya mikao yote. Hilo si drafti letu, ambalo kingi wake anaruka mbali. Kingi wa lile la Kiingereza hutembea mraba mmoja. Anayesema drafti la kijiweni limemalizwa Canada, amesikia nusu ya habari.

Tuchukue uwiano huo kama kipimo cha mkononi. Mikao ya drafti, 5 zidisha 10 kwa kipeo cha 20, ni sawa na 10 kwa kipeo cha 20.7, na 14 kwa 20.7 ni karibu theluthi mbili. Theluthi mbili ya kipeo cha 44.7 cha chesi ni kama 30, yaani hesabu 10 kwa kipeo cha 30. Kompyuta milioni moja, kila moja ikipitia mikao bilioni moja kwa sekunde bila kupumzika, zingefanya 10 kwa kipeo cha 15 kwa sekunde. Zingehitaji miaka milioni 31 na ushei. Ni makadirio yetu ya mkononi, na chesi si drafti. Drafti lilisaidiwa na sheria kwamba kula ni lazima na kete za kawaida hazirudi nyuma, mambo yanayopunguza matawi. Chesi haina msaada huo, kwa hiyo hatudhani tumekosea kwa upande wa kuzidisha. Kompyuta za kwanta zinazotajwa kila mara zinaahidi, kwa utafutaji wa aina hii, kushusha kazi hadi kipeuo cha pili (square root) cha kazi yenyewe, si kuifuta.

Je, huenda Stockfish tayari inacheza bila kosa ikianzia mkao wa kawaida? Inawezekana kabisa, na tunadhani iko karibu. Injini nyingi zinaupa mwanzo huo faida ndogo kwa mweupe, robo ya pointi hivi, na sare zinarundikana. Karibu kila anayeifahamu kazi hii anaamini lebo ni sare. Kuamini huko hakujathibitishwa na mtu. Hata kwa 1.g4 (askari wa safu ya g kusogea miraba miwili), hatua ambayo injini huiona mbaya kuliko zote 20 za kuanzia, hakuna mwenye uthibitisho kwamba mweupe anapoteza.

Na kama lebo ni sare, asiyekosea anaweza kuwa mchezaji anayechosha. Kwa jedwali, hatua zote zinazotunza sare ni sawa: ile inayomtega mpinzani kwa hatua ishirini na ile inayomaliza kete zote ziwe wafalme wawili zina lebo moja. Mchezaji wa lebo tupu atakubali sare na mtoto wa darasa la tano. Stockfish, yenye makadirio yake yenye kasoro, inajua kuchagua sare iliyo ngumu kwa mwenzake. Kwa kumfunga binadamu, kasoro hiyo ni bora kuliko ukamilifu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Unapochapisha fumbo la chesi lenye kete saba au pungufu, jibu lipite kwenye jedwali kabla ya kwenda mtamboni. Ni kazi ya dakika mbili. Likiwa na kete nane au zaidi, mwandishi aandike "injini inapendekeza", na ataje ni injini gani na ilipewa muda gani. Na kwa vijana wanaotafuta mradi wa chuo: awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48, ulimalizwa Amsterdam mwaka 2002 kwa kupitia mikao bilioni 889, jibu likawa sare. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, lina namua na mtaji, na kete zilizoliwa hazitoki ubaoni bali zinarudi kusambazwa, kwa hiyo huwezi kuanza na jedwali la kete chache kama kwenye chesi. Hapo njia ya kinyumenyume itabidi ibuniwe upya, na wanaojua sheria za bao vizuri wako huku kwetu.

Wasomaji wenu wawili, wachezaji wa chesi,
Mwananyamala, Dar es Salaam